Pilau ya Mayaya

Watu wengi wakisikia harufu ya pilau hukumbuka Idi, au harusi, au siku ile mjomba aliporudi kutoka safari ndefu. Mimi hukumbuka mayaya. Ikinijia puani ile harufu ya bizari nzima inayokaangwa pamoja na kitunguu mpaka kitunguu kiwe rangi ya kahawa, na hasa ikinijia siku isiyo na sherehe yoyote, Jumatatu au Jumatano, najiona tena nina umri wa miaka minane, nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la uani kwetu Nyamirambo, Kigali, namenya vitunguu saumu na kulamba vidole. Kwetu pilau ya siku ya kazi ilikuwa na maana moja tu: yaya mpya kaja.

Msinicheke, nitaeleza. Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, chini kidogo ya msikiti, na ndani yake tulikuwa wachache. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Dar es Salaam, na siku alizokuwa nyumbani alikuwa amelala. Mama alikuwa mshonaji. Kaka sikuwa naye, dada sikuwa naye, ila mdogo wangu Idrisa, ambaye wakati huo alikuwa amejua kutambaa na alikuwa hajajua kuogopa. Na juu yetu sote alikuwapo Bibi, mama yake Baba, ambaye ndiye aliyekuwa serikali ya nyumba.

Babu yake Bibi alikuja huku na wafanyabiashara wa kutoka pwani, akauza chumvi na vitambaa, akaoa, akabaki. Bibi mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, lakini aliongea Kiswahili chake kwa madaha na kutusahihisha sisi wengine, tunaosema “iko” kwa kila kilichopo na kisichokuwapo. Kichwa chake kilikuwa kizima kabisa. Magoti ndiyo yaliyomtangulia kuzeeka. Idrisa alipokuwa mtoto wa kulala tu, Bibi alimlea vizuri na kwa furaha. Alipoanza kutambaa, mambo yakawa mengine. Mtoto alikuwa akivuka uwanja mzima kabla Bibi hajamaliza kusema bismillahi ya kuinukia. Ndipo ikasemwa kwamba lazima tutafute yaya, na tumtafute upesi.

Upesi huo ulikuwa na sababu. Mama alishona kwenye chumba kimoja kilichokuwa kando ya barabara kuu, pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na cherehani yake. Cherehani ya Mama ilikaa dirishani. Wasiojua kazi hii watasema dirisha ni dirisha. Wanaoijua wanafahamu kwamba anayekaa dirishani anapata mwanga wa bure kutwa nzima, na mteja anayepita njiani humwona yeye kwanza. Mama alikuwa ameanza karibu na mlango, kwenye vumbi, akasogea mwaka hadi mwaka mpaka akafika pale. Tangu ajifungue Idrisa cherehani ilikuwa imefunikwa kitenge, inamngoja. Kumpeleka mtoto kule hakukuwezekana: sindano sakafuni, mikasi kila mahali, pasi ya mkaa inawaka pembeni, na Idrisa ni mtu aliyetia kila kitu mdomoni ili akijue.

Mwenye chumba alikuwa Mama Zulfa, mwanamke mnene, mpole, lakini mwenye biashara. Alikuja siku moja kumwona mtoto, akaleta sabuni na sukari, akanywa chai, kisha akasema lililomleta.

“Mama Mariamu, mi nakupenda, unajua. Lakini Ramazani iko karibu, na manguo ya Idi haiwezi kungojea. Mwezi ikionekana na kiti yako iko bure, dirisha nitapa mwingine. Ihangane, mama.”

Ihangane, yaani uvumilie, vumilia tu. Mama akasema ameelewa. Alipoondoka mgeni, Mama aliosha kikombe kile kile kwa muda mrefu sana.

Basi akaitwa Karoli. Huyu alikuwa dalali. Kwetu tunamwita komisiyoneri, na yupo wa nyumba, wa viwanja, wa magari, na wa wafanyakazi. Karoli alikuwa wa wafanyakazi. Alivaa viatu vyeupe hata wakati wa mvua, na kila msichana aliyemleta alikuwa na sifa zile zile. “Mama, huyu iko na nguvu. Kupika anajua, kufua anajua. Mutoto atamupenda mpaka atakusahau wewe!” Mama hakupenda sana hiyo ahadi ya mwisho, lakini alikuwa hana la kuchagua.

Wa kwanza aliitwa Imakulata, msichana wa kutoka kusini, mwenye mikono imara na aibu nyingi. Alifika asubuhi, akaweka mfuko wake chini, akaangaza huku na huku akitafuta ufagio. Maana desturi ya Kigali ndiyo hiyo: mfanyakazi mpya hushika ufagio kabla hata hajaonyeshwa pa kulala, ili mwenye nyumba aone kwamba kapata mtu. Bibi akamnyang’anya ufagio.

“Kaa, mwanangu. Pumzika. Hapa wewe ni mgeni.”

“Mukecuru, nifanye kazi gani?” aliuliza Imakulata. Mukecuru ni bibi mzee, kwa heshima.

“Leo kazi yako ni kula.”

Hapa sasa ndipo pilau inapoingia. Mnaijua methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huitumia kwa ajili ya ile siku ya tatu, kumfukuza mgeni asiyejua kuaga. Bibi aliishika kwa ajili ya zile mbili za mwanzo. Kwake ilikuwa sheria, nusu ya dini. Mtu yeyote aliyelala chini ya paa lake, awe shekhe au muuza mkaa, alikuwa na siku mbili za kukaa mkekani, kunawishwa mikono, kupewa chai ya maziwa na maandazi asubuhi na pilau mchana. Na kama ni mtu anayekuja kulea mtoto, ndiyo kabisa. “Utampaje mtu mtoto wako naye hajaonja chumvi yako?” alikuwa akisema. “Nyumba isiyomtunza mtu, yeye atamtunza nani ndani yake?”

Imakulata alikaa pembeni kabisa ya mkeka siku ya kwanza. Akitaka kuosha sahani, anaambiwa aache. Akimkaribia Idrisa, anaambiwa apumzike. Alitazama ile sahani ya pilau kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Siku ya pili mchana alianza kulia, machozi yakidondokea nyama, na jioni akachukua mfuko wake akarudi kwa Karoli. Sababu tulikuja kuipata baadaye. Katika nyumba alizokuwa amefanya kazi, tajiri akianza kukwambia “kaa, pumzika, usishike kitu,” ujue kesho unafukuzwa. Alimwambia Karoli: “Wale watu wamenifukuza, hata sijaanza!”

Wa pili, Floransi, hakuwa na hofu kama hiyo. Huyu alikula. Alikula kwa utulivu, akajiegemeza ukutani, akaomba na pilipili. Siku ya pili aliuliza kama kuna ndizi za kushushia. Bibi alimpenda sana, akasema huyu ana moyo mkunjufu. Asubuhi ya tatu Bibi alipomkabidhi ufagio, Floransi aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akafagia uwanja vizuri kuanzia mlangoni mpaka langoni, akausimamisha ufagio ukutani, akafungua lango, akaendelea na safari yake. Hatukumwona tena.

Baada ya hapo habari ikaenea. Wale wasichana waliokuwa wakimngoja Karoli awatafutie nyumba walikuwa na kijiwe chao karibu na kituo cha basi, na pale kijiweni nyumba yetu ikapata jina: oteli. Waliokuwa wanangoja kazi nzuri kwa matajiri wa Kibagabaga au wapi walikuja kwanza kwetu kunenepa. Mmoja alifika langoni akauliza, kabla ya salamu, kama pilau ni leo au kesho. Karoli aliapa kwa mama yake kwamba yeye hahusiki. Mimi na watoto wa jirani tulikuwa na maisha mazuri ajabu; tulikuwa tunashiba katikati ya wiki, na nikiulizwa shuleni kama nyumbani wameshapata yaya nilijibu kwamba bado, alhamdulillahi.

Mama hakuwa anashukuru. Mama alikuwa mkwe, na mkwe wa kwetu hapandishi sauti mbele ya mama wa mumewe. Lakini nilimsikia siku moja jikoni, anapepeta mchele kwa nguvu kuliko mchele ulivyohitaji.

“Mama, huyu anayekuja tumpe kazi siku hiyo hiyo. Nakuomba. Nitapoteza dirisha langu.”

“Dirisha ni tundu la ukutani, mwanangu. Mtoto ni mtu.”

“Na huyo mtoto atavaa nini, atakula nini, kama sina pa kushonea?”

Bibi akachukua ungo kutoka mikononi mwa Mama, akamalizia kupepeta yeye mwenyewe, polepole.

Konsolata, au Konso kama tulivyozoea kumwita, hakuletwa na Karoli. Aliletwa na maneno ya mteja mmoja wa Mama, mwanamke muuza vitenge wa soko la Kabuga, aliyesema kwamba kule kuna mtu aliyekulia Burundi, mtu mzima si mtoto, mkimya, anatafuta nyumba. Alifika kwa basi, mchana, na mfuko mdogo wa begani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na rozari yake ilichungulia kwenye kola ya gauni. Mama alimtazama Bibi kuona atasemaje kuhusu ile rozari. Bibi alisema Mungu ni mmoja, akauliza kama mgeni anakula nyama ya mbuzi.

“Ninakulaka, Bibi. Asante.”

Alipoambiwa akae, akakaa. Hakuogopa kama Imakulata wala hakujinyoosha kama Floransi. Alikaa wima, mikono mapajani, na akawa anatazama. Nyie, mwanamke yule alijua kutazama! Alitazama mtungi wa maji na kikombe chake. Alitazama kamba ya nguo na nguo zilizokuwa juu yake. Alitazama godoro langu, akalibonyeza kwa kiganja akidhani simwoni. Na alikuwa na maswali, kwa kile Kiswahili chao cha Bujumbura kilichonichekesha, na maswali yenyewe aliniuliza mimi.

“Mariamu, hapa kwenu nani anakulaka wa kwanza?”

“Mgeni.”

“Na kisha?”

“Watoto. Halafu Mama na Bibi.”

“Na weye, banakupigaka?”

Nikamwambia Bibi hunivuta sikio nikisema uongo. Akauliza sikio gani. Nikamwonyesha la kushoto, naye akainama akalichunguza, nyuma na mbele, akaliona zima, akaniachia. Nilimwona mtu wa ajabu kidogo.

Saa ya chakula akaja Faraji, mtoto wa jirani, ambaye kila siku saa ile alikuwa na sababu ya kuja. Siku hiyo alikuwa amekuja kurudisha kijiko. Bibi hakumuuliza kijiko cha nini. Alimpakulia sahani, akamsogeza kwenye mkeka, akaendelea na hadithi aliyokuwa akisimulia. Nikaona Konso ameacha kula. Alikuwa anamtazama Faraji, kisha sahani ya Faraji, kisha yangu, kama anayelinganisha. Nilidhani anaona amepunjwa nyama, nikasogeza yangu karibu.

Kitu kimoja kilimtia Mama wasiwasi. Konso hakumgusa Idrisa. Mtoto alimwendea mwenyewe, akamshika kidole gumba cha mguu, akajaribu kukila. Konso alimwangalia kwa uso uliokuwa unataka kucheka, lakini mikono ilibaki mapajani, imeshikana. Siku ya pili vivyo hivyo. Idrisa alimnyooshea mikono abebwe, naye akageuza uso.

“Yaya gani hashiki mtoto?” Mama alinong’ona jikoni.

“Mgeni hapakatishwi mtoto akamkojolea,” alisema Bibi. “Ngoja siku ya tatu.”

Siku ya tatu tuliamka, Konso hayupo. Shuka lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kitanda na mfuko wake umeondoka. Bibi alikuwa amesimama katikati ya uwanja ameshika ufagio aliotaka kumkabidhi. Ilikuwa siku ambayo watu wote walikuwa wanatarajia mwezi kuandama jioni yake, na jana yake Mama Zulfa alikuwa ametuma salamu kwamba mshonaji mmoja wa kutoka Biryogo atapita kutazama lile dirisha. Mama hakupiga kelele. Aliketi juu ya kile kitanda kilichotandikwa, akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Nilikuwa sijawahi kumwona Mama akilia kwa ajili ya kitu kisichokuwa msiba. Niliogopa sana, na ile furaha yangu ya pilau yote ikanitoka siku hiyo.

“Nenda kazini,” Bibi akasema mlangoni. “Mtoto nitamlea mimi.”

“Mama, magoti…”

“Magoti ni yangu. Nenda.”

Mama akavaa viatu, hana hakika. Alikuwa bado anatafuta mkasi wake, Idrisa akaingia chini ya kitanda, akaenda mpaka ukutani, akakaa kule akitushangilia. Bibi akashuka kumfuata. Kushuka alishuka. Kuinuka ndiko kulikoshindikana. Tulimkuta amepiga magoti, kichwa chini ya kitanda, anamsemesha mjukuu wake kwa sauti ya kawaida kabisa kana kwamba hapo ndipo alipotaka kuwa. Tulimwinua mimi na Mama, mmoja kila upande. Alikuwa anacheka, lakini mkono wangu hakuuachia. Mama akavua viatu. Akasema baada ya alasiri atakwenda kwa Mama Zulfa kutoa cherehani yake, airudishe nyumbani, yaishe.

Alasiri ikapita. Mama alikuwa anajifunga mtandio lango lilipogongwa. Nikafungua mimi. Alikuwa Konso, viatu vimejaa vumbi la safari, na mgongoni, ndani ya kitenge, kulikuwa na mtoto wa kike anayechungulia begani kwake, mkubwa kuliko Idrisa, mdogo kuliko mimi. Konso hakuingia. Alibaki nje ya lango, na nilipomwambia karibu, akatikisa kichwa.

“Mama Mariamu, Bibi, munisamehe. Sikuwaambia. Huyu mutoto ni wangu, jina lake Keza. Alikuwa kwa dada yangu Kabuga. Mukimukataa sitawachukia, bus ya jioni iko, tutarudi. Mukimukubali, nitalea wawili sawasawa.”

Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa nimeshasikia wanawake wakizungumza chumbani kwa Mama Zulfa: usichukue yaya mwenye mtoto. Maziwa ya mwanao atampa wake. Moyo wake hautakuwa kwako. Watu wote Kigali waliambiana hivyo, na nyumba nyingi lango lingefungwa pale pale kwa maneno mazuri. Mama alimtazama Konso, akamtazama Keza, mwishoni akamtazama Bibi, kama tulivyofanya sote jambo likiwa zito.

Bibi alijikongoja mpaka langoni. Hakumuuliza Konso kitu. Alimwinamia mtoto.

“Umekula?”

Keza akatikisa kichwa, na kujificha.

“Wewe, Konso,” Bibi akasema, “siku zako mbili umezimaliza. Ufagio ule pale, na Idrisa amejichafua, kazi unayo. Huyu mdogo ndiye mgeni. Mariamu! Lete mkeka!”

Konso aliingia. Akaweka mfuko chini, akamshusha Keza mkekani, akaenda moja kwa moja kwa Idrisa, na ile mikono iliyokaa mapajani siku mbili ikamwinua juu, ikamgeuza, ikamnusa, ikamweka mgongoni na kufunga kitenge kile kile kilichombeba Keza, kikiwa bado na joto lake. Idrisa akalaza shavu kana kwamba alikuwa ameweka nafasi ile tangu juzi.

Mama akakimbia. Nilipewa mkasi nimfuate nyuma, na kweli tulikimbia, mtandio wake unapepea, watu wanatuuliza kuna nini. Chumbani kwa Mama Zulfa yule mshonaji wa Biryogo alikuwa tayari amesimama dirishani, amekiinua kitenge pembeni anaitazama cherehani yetu. Mama akasema “samahani, dada,” akapita, akaketi, akaweka miguu kwenye pedali. Hakuwa na kitambaa wala uzi. Akaizungusha hivyo hivyo, tupu, tiki-tiki-tiki, jasho linamtoka, anacheka. Mama Zulfa alitazama nje, ambako wanaume walikuwa wameanza kusimama njiani wakikodolea macho anga la magharibi. “Mwezi haijaonekana bado,” akasema. “Mama Mariamu iko.”

Mwezi uliandama jioni ile ile, na kwa hiyo siku mbili za ugeni za Keza zikaangukia mwanzo wa mfungo. Mtu mwingine angeahirisha. Bibi alipika pilau saa sita za mchana, kinywa kikavu, akiwaomba wapita njia waonje chumvi kwa niaba yake. Wapita njia wote walikuwa wamefunga. Mimi nilikuwa najifunza kufunga nusu siku, na nusu yenyewe ndiyo iliyokuwa na pilau, na juu ya mateso hayo nikapewa kazi ya kumnawisha mgeni. Nilishika birika na beseni, nikapiga goti mbele ya mtoto wa yaya anayenyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Nilinuna. Nilimwambia Bibi si haki. Bibi akasema mgeni ni mgeni, hata akiwa na meno ya maziwa.

Konso wakati huo alikuwa kwenye karai la nguo. Alimwona mwanawe ameketi katikati ya mkeka, kitambaa kifuani, sahani mbele yake imejaa, na mwanamke mzee aliyefunga anampepea kwa upepeo ili chakula kipoe. Konso aliacha kufua. Akageukia kamba, akaanza kupanga upya nguo ambazo zilikuwa zimeshaanikwa, na alikaa kule nyuma ya shuka muda mrefu. Nilidhani sabuni imemwingia machoni.

Siku ya tatu Keza naye alipewa jembe lake: sumaku ya Mama, afuate pini zilizoanguka sakafuni. Alikuwa hodari kuliko mimi. Tulikua pamoja, tukagombana pamoja, tukavutwa masikio na mkono mmoja. Maziwa ya Idrisa hayakupungua. Kama kuna kilichopungua ni nafasi kitandani kwangu, maana Keza alilala kwa kupiga mateke. Jumapili Konso alimvalisha gauni aliloshonewa dirishani, wakaenda misa, na wakirudi Bibi aliuliza padri kasema nini, kisha akasahihisha.

Miaka yote hiyo mimi niliamini kwamba hadithi hii ni yetu: jinsi familia yetu ilivyotafuta yaya, ikahangaika, ikampata. Niliisimulia hivyo kwa wenzangu chuoni, na nikaisimulia hivyo tena juzijuzi, nyumbani kwa Keza huko Kibagabaga, ambako Konso anaishi siku hizi. Tulikuwa tunachambua maharagwe, yeye na mimi. Nilipofika pale alipotoroka asubuhi na mfuko wake, nikamuuliza, kwa kumtania, kwa nini alimnyima Idrisa mikono siku mbili nzima.

“Mutoto akikuzoea na wewe utaenda, ni kumuibia,” akasema. “Nilikuwa sijajua kama nitabaki. Nyumba zingine tatu nilikaa nikaondoka. Kwa moja walinipa chakula kizuri, mimi. Mutoto wa jirani akaja, wakamufukuza kama kuku. Nikasema hapana, hapa si penyewe.”

“Kumbe ulikuwa unatupima?”

Konso aliokota jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje, akanitazama kama alivyonitazama siku ile alipolichunguza sikio langu. Akacheka.

“Mariamu, weye umesoma lakini hujaelewa. Mama yako alikuwa na nani wa kumuachia Idrisa? Hakuna. Na mimi nilikuwa na nani wa kumuachia Keza? Dada yangu alikuwa na watoto wake watano. Nilikuwa natafuta yaya, kama nyinyi. Ile siku ya kwanza, Bibi yako alipomupakulia yule Faraji bila kuuliza kitu, nikasema: huyu hapa. Nimemupata.”

Nilibaki na maharagwe mkononi. Nilimwona Bibi na magoti yake mabovu, serikali ya nyumba, aliyewaketisha mkekani nusu ya mayaya wa Kigali na kuwapima kwa pilau. Kumbe yeye mwenyewe alipimwa siku mbili, akapita, akaajiriwa, akamlea Keza mpaka akamtoa mwali. Alifariki bila kuambiwa kwamba alikuwa kazini.